Ndama Ndani ya Redio Kaseti

Vumbi likipata moto ndani ya mashine lina harufu yake. Si ya kuungua kabisa wala si ya mchanga mtupu. Iko katikati hapo, kama blanketi lililoanikwa juani likasahauliwa. Nilikuwa sijaisikia harufu hiyo tangu utotoni mpaka juzi, Nasra, binti wa ndugu yangu mdogo, alipoingia kwangu na laptopu ya mtumba, nene kama tofali, ya zamani hata rangi yake siku hizi haitengenezwi tena. Akaiweka juu ya meza ya chakula, akachomeka waya ukutani, akasema, "Shangazi, hebu iangalie kama nimeuziwa kitu au nimeuziwa hasara."

Niiangalie mimi. Mimi ambaye simu yangu ikizima huita watoto wa jirani. Mimi ambaye nikienda Meru lazima nirudi siku hiyo hiyo, kwa sababu siwezi kulala kitanda kisichonijua. Lakini nikaiangalia. Niliifungua na kuifunga nisikie bawaba zinasemaje. Nilipitisha kidole kwenye vitufe, nikakuta kimoja kimeng'oka, pengo tupu. Nikaigeuza tumbo juu, nikainusa pale feni inapopumulia. Kisha nikamuuliza ilikuwa ya nani, imekaa na watu gani, na kwa nini wameamua kuiuza.

Nasra akacheka mpaka akashika mbavu. "Shangazi, hii ni laptopu. Si ng'ombe."

Ile harufu ilikuwa imeanza kutoka kwenye feni, na mimi nilikuwa nimeshafika uani kwa Ayeyo, bibi yangu.

Wa rika langu mtakumbuka kwamba wakati ule sauti ya mtu ilisafiri mfukoni mwa mtu mwingine. Aliye mbali alizungumza ndani ya kaseti, akampa msafiri, na msafiri akaileta imeviringishwa ndani ya soksi. Upande mmoja maneno yake, upande wa pili mtupu, wa majibu yenu. Baba yangu alikuwa Uarabuni akiendesha malori. Babu yetu alikuja Isiolo na jeshi, jeshi likaondoka yeye akabaki, na tangu hapo wanaume wa kwetu wameshika usukani na wanawake wameshika mifugo. Baba aliondoka kabla sijaweza kuihifadhi sura yake. Nilikuwa na picha yake moja, amesimama kando ya gurudumu, na kwa miaka nilidhani gurudumu ni sehemu ya mwili wake.

Siku kaseti yake ilipofika, hatukuwa na cha kuichezea. Duka la kona lilikuwa na mashine, na mwenye duka alisema tuje tu. Ayeyo, mama yake Baba, ambaye ndiye aliyekuwa serikali ya nyumba yetu, alikataa. Alisema maneno ya mwanawe hayafunguliwi dukani kama soda. Akaifungia kaseti ndani ya sanduku lake pamoja na nguo za Idd na udi, na kila jioni akawa anafungua sanduku kuiangalia, kana kwamba ingeweza kuanza kusema yenyewe.

Abti Nuru ndiye aliyepata habari za redio kaseti inayouzwa. Abti ni mjomba. Huyu alikuwa kaka yake Mama, amemaliza kidato cha nne, na alivaa kalamu mfukoni mwa shati hata akienda kuoga. Karani mmoja wa serikali alikuwa amehamishwa na hakutaka kubeba vitu vingi. Abti alitaka kwenda kuichukua tu. Ayeyo akasema iletwe, aione ikitembea.

Basi karani akaja mwenyewe mpaka mtaani kwetu Bulapesa, redio kaseti begani, akakaribishwa chai, na mbele yake Ayeyo akaikagua kama alivyokuwa akikagua ng'ombe wa maziwa, kazi aliyoifanya maisha yake yote na ambayo hakuna dalali aliyewahi kumlaghai. Alianza na meno, yaani vile vitufe vya mbele vya kubonyeza. Kimoja kilikuwa kimeng'oka. "Huyu amekula sana," akasema. Akaigeuza, akafungua mlango wa tumboni yanapokaa mawe, yaani betri, akanusa, akasema ndani humo kuna mkojo wa zamani. Akapapasa kamba zake. Akamuuliza karani ilikuwa ikikaa na nani, kama watoto waliichezea, kama huwa inarusha teke, maana alikuwa amesikia umeme una teke. Mwisho akamuuliza mkewe anasemaje kuhusu kuuzwa kwake. Karani wa watu, aliyezoea kuuliza maswali na si kuulizwa, akajibu yote akitoka jasho.

Walipatana kwa mikono chini ya shuka ya Ayeyo, vidole vikizungumza na vidole, kama inavyofanywa sokoni, ili sisi wengine tusijue bei. Karani hakuijua lugha ile. Ilibidi Abti amnong'oneze kila mbano wa kidole maana yake, kwa hiyo siri ilijulikana na nyumba nzima. Na Ayeyo aliweka sharti lake la siku zote: kitu cha kukamua kinalala kwanza kwa mnunuzi. Ingelala kwetu mpaka Ijumaa. Isipotoa, irudi.

Siku hiyo hatukuicheza. Ayeyo alisema imetembea na jua limeipiga, ipumzike. Kesho yake baada ya swala ya alasiri alitandika mkeka, Mama akavaa shela kana kwamba mumewe anaingia mlangoni, mimi nikapewa mashine mapajani kwa sababu nilikuwa mtoto wa kukaa. Watoto wengine walikuwa wakifukuza tairi mpaka barabara ya Ngaremara. Mimi ukinitafuta ungenikuta kati ya jiko na mlango. Sijabadilika sana.

Abti akabonyeza.

Kwanza ulitoka mvumo, kisha kitu kikavuta pumzi kutoka chini ya ardhi, na sauti ikaanza kuja polepole, nzito, ikikokotwa kama gunia la mahindi kwenye sakafu. "Aaasalaaam... aleeeikuuum..." Kila neno lilichoka kabla ya kufika mwisho. Alimsalimu mama yake. Alimsalimu mkewe. Kisha akasema, "Naaa... Kaaaltuuumaaa... wanguuu," na huyo ni mimi, na nilishangaa sana kujua kwamba jina langu ni refu kiasi hicho.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kaseti ilipokwisha, Ayeyo alisema, "Imeona ugeni." Alimaanisha mashine. Mnyama aliyehama hatoi vizuri siku ya kwanza, kila mtu anajua hilo. Tukaiacha ilale.

Siku iliyofuata ilikuwa vile vile. Abti akasema ni mawe yamekwisha, akanunua mapya, yale ya zamani tukayaanika juani ukutani. Vile vile. Hapo Abti akatoa kalamu mfukoni, ishara kwamba anafikiri, akasema tuipime mashine kisomi. Akageuza swichi kuweka redio. Mtangazaji akasoma habari kwa mwendo wake wa kawaida, sauti safi kama ya mtu aliyetoka kuoga. "Mnaona?" akasema Abti. "Mashine ni nzima." Alikuwa amefurahi, mpaka maana ya alichokisema ikamfikia.

Akajaribu tena, maskini, ili aukanushe ushahidi wake mwenyewe. Akageuza kaseti upande ule mtupu, akamwambia Ayeyo aseme majibu yake. Ayeyo akaisogelea mashine, akatoa salamu zote, akamwambia mwanawe kwamba Malab, ng'ombe wake, amezaa, aje anywe maziwa. Tulipoirudisha na kuicheza, alitoka Ayeyo yule yule, na kikohozi chake. Leo najua kwa nini: mashine iliyokuwa ikitembea polepole kusema ilikuwa ikitembea polepole vile vile kusikiliza, na makosa mawili yakasameheana. Wakati ule tulijua jambo moja tu. Redio inasema sawa. Ayeyo anasema sawa. Anayesema vibaya ni mmoja, na yuko mbali.

Mama alipika chai akasahau majani. Abti alisema kwa sauti ya chini kwamba mtu akiwa na homa kali ya joto la kule, ulimi huwa mzito. Kisha akaanza kusema kwamba kuna na vitu vingine watu hunywa kule, na Mama akainuka akaenda jikoni, na hakuzungumza naye tena mpaka jambo lilipokwisha.

Mimi nilikuwa na huzuni yangu ya pembeni. Pale katikati ya kaseti, mara tu baada ya jina langu, kulikuwa na ndama aliyelia. Mlio mrefu, mzito, wa kudai maziwa. Wakubwa hawakuutaja, walikuwa wakisikiliza ugonjwa. Lakini mimi niliusikia kila mara, na nikajua kwa akili yangu kwamba Baba ana ndama huko, analala naye chumbani, anamlisha kwa mkono. Nikawa najiuliza ndama huyo ana nini ambacho mimi sina. Nadhani huo ndio wivu wangu wa kwanza, na nilimwonea ndama.

Ayeyo akaamua. Angemuuza Malab, na mtu wa ukoo atumwe akamlete mwanawe kabla hajafia ugenini. Inabidi niwaeleze Malab alikuwa nani. Alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye kovu puani, maziwa yake ndiyo yaliyonilea, na Ayeyo alimwita kwa sauti ambayo hakuitumia kwa yeyote kati yetu. Na alikuwa amezaa siku chache tu zilizopita. Ndama wake alifungwa nyuma ya nyumba, na akilia tu kidogo Malab alikuwa anageuza kichwa, masikio, na mara nyingine ua mzima wa miba.

Mnunuzi alikuwa Mzee Galgalo, dalali Mborana, rafiki wa Ayeyo wa kugombana naye sokoni. Alipofika alasiri hiyo hakuleta utani wake wa kila siku. Habari zilikuwa zimemfikia. Alimzunguka Malab mara moja tu, kwa adabu, kama mtu anayepita msibani. Kisha wakaketi, na Ayeyo akautia mkono wake chini ya shuka, na Galgalo akautia wake.

Mimi nilikuwa mlangoni na mashine mapajani. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu kusikia jina langu refu mara moja tena kabla watu hawajaanza kulia kabisa. Nikabonyeza. Baba akasema Kaltuma wake, na mara ndama akalia, kwa nguvu, maana nilikuwa nimefungua sauti mpaka mwisho.

Mkono wa Ayeyo ukatoka chini ya shuka.

"Rudisha hapo," akasema. Hakuwa akisema na Galgalo. Nikarudisha. Ndama akalia tena. Ayeyo hakunitazama mimi wala mashine. Alikuwa akimtazama Malab.

"Kaltuma, hicho kinacholia ni nini?"

"Ndama wa Baba."

"Baba yako ana ndama?"

"Analala naye chumbani."

Mzee Galgalo akageuka polepole. "Watu wa Uarabuni wanalala na ndama?" akauliza, kwa kutaka kujua kweli.

"Cheza tena," akasema Ayeyo.

Nikacheza. Ndama wa kaseti akalia uani kwetu, mlio wa njaa, na Malab, mzazi wa juzi, mwenye maziwa yanayomuuma, alikuwa amesimama akicheua. Hakugeuka. Hata sikio halikutikisika. Nzi alipita, akatikisa sikio kwa ajili ya nzi.

"Huyo si ndama," akasema Ayeyo.

Galgalo alikuwa ameshainamisha kichwa. Akaomba nirudie. Akasema ndama akilia mwisho wa mlio unashuka, huyu mwisho unapanda, kama anauliza. Wakakaa pale wazee wawili, wenye umri wa mifugo mingi, wakitafuta mnyama gani huyu, fisi si fisi, ngamia mdogo si ngamia.

Sauti ikatoka jikoni. "Ni paka."

Ilikuwa ya Mama. Alikuwa amesimama na mwiko mkononi, na hakuangusha macho kama alivyozoea mbele ya mama mkwe wake. "Ni paka, Ayeyo. Mwanao hajawahi kulala mahali bila paka. Basi na huyo paka naye ni mgonjwa?"

Ayeyo alijifunika uso kwa shuka ile ile ya kupatania bei, mabega yakaanza kutikisika, na mpaka alipoishusha sikujua kama analia au anacheka. Nadhani yeye pia hakujua.

Galgalo akachukua fimbo yake. "Mimi nirudi nyumbani," akasema. "Nimekuja kununua ng'ombe, sasa naona nauziwa paka."

Abti alifungua mgongo wa mashine kwa kisu cha jikoni pale pale mkekani. Ndipo harufu ile ikatoka, vumbi la miaka ya karani na familia yake, limeokwa. Ndani kulikuwa na kitu cha duara kama kopo dogo kinachozungusha vyote, na mgongoni mwake kitundu, na ndani ya kitundu skrubu ndogo kama mbegu ya nyanya. Sijui Abti alijuaje kwamba ni hiyo. Nafikiri hakujua. Aliingiza ncha ya kisu akazungusha huku kaseti inacheza, na Baba akazidi kushuka, mpaka ikawa kama anatusalimu kutoka kaburini. Ayeyo akampiga Abti kofi la mgongo. "Upande mwingine, wewe."

Akazungusha upande mwingine, na Baba akaanza kupona.

Sijui niseme vipi. Mzee mgonjwa alinyanyuka ndani ya kile kisanduku, akasimama, akawa mzee mzima. Akawa mtu wa makamo. Ndama akawa paka. Jina langu likafupika mpaka likanitosha. Abti akaendelea kuzungusha, na sauti ikaendelea kupanda, nyepesi, ya haraka, yenye haya kidogo.

"Hapo," akasema Ayeyo. "Acha hapo. Huyo ndiye."

Abti akatoa kisu. Tukasikiliza. Ilikuwa sauti ya kijana ambaye ndevu bado zinamjadili kama zitoke. Ayeyo alikuwa amefumba macho na anatabasamu. Hapo ndipo tulipogundua tatizo ambalo kisomo cha Abti hakikulifikiria: hakukuwa na kipimo. Skrubu ilikuwa tayari kumfanya Baba umri wowote tuutakao.

Mama alikuwa amekaa karibu nami. Nilihisi anavuta pumzi. "Rudisha kidogo," akasema, taratibu.

Ayeyo akafumbua macho. "Mimi nimemzaa."

"Ndiyo, Ayeyo. Huyo ni yule uliyemlea." Akakunja ncha ya shela. "Yule aliyeondoka ni wa chini kidogo."

Abti akatazama huku, akatazama huku, kisu mkononi kama mtu anayetakiwa kumkata Baba vipande viwili. Ayeyo alimwangalia Mama kwa muda. Kisha akampa Abti ishara ya kidevu. Abti akarudisha kidogo, tena kidogo, na Mama akainua kidole kimoja tu kutoka magotini, na ikawa hapo. Ayeyo aliomba tu kwamba kabla hatujafunga mgongo, amsikilize yule wake mara moja zaidi, kaseti nzima. Tukampandishia. Akamsikiliza, kisha akasema basi, shusheni, mpeni mwenyewe.

Mashine haikurudi kwa karani Ijumaa ile. Malab naye alibaki. Majibu tuliyapeleka kwenye kaseti nyingine, kwa sababu Ayeyo alisema ile ya kwanza ina siku mbaya ndani yake, akairudisha sandukuni pamoja na udi. Na msimu mmoja wa mvua, nikiwa kati ya jiko na mlango kama kawaida, mtu alisimama langoni akasema salaam aleikum. Sikutoka kumwona. Nilimwambia Mama, "Ni yule wa pale ulipoinua kidole." Mama aliacha chungu motoni akakimbia, na sikuwahi kumwona akikimbia tena.

Yule ndugu yangu mdogo, baba yake Nasra, alizaliwa baada ya hapo. Ndiyo maana Nasra hakumjua Ayeyo. Ayeyo aliondoka zamani, kisha Baba, na Mama mwaka huu. Tulipokuwa tukigawa vitu vya Mama ndipo kaseti ilipotokea, imo ndani ya soksi yake, bado inanuka udi. Na hiyo laptopu ya mtumba Nasra aliinunua kwa ajili hiyo hasa. Anasema hizi mpya hazina tundu la kuingizia waya kutoka kwenye mashine ya kaseti. Nilimwambia sawa, lakini ilale kwangu mpaka Ijumaa.

Nasra alipoiunganisha na mashine ya kaseti aliyoazima, upande wa Baba ulikuwa umechakaa, mvumo na paka tu. Nasra akageuza wa pili. Kwenye skrini michirizi ikaanza kurukaruka, na katika spika akatoka msichana. Anasema haraka, sauti nyembamba kama anaruka kamba, anasalimia watu wazima kwa majina, na katikati anakohoa kikohozi cha ndege.

"Huyu mtoto ni nani?" akauliza Nasra.

Nilikuwa nimesahau. Ayeyo alisema maneno yale siku mashine ikiwa bado inakokota, basi kwenye mashine yoyote nzima atakimbia hivi milele. Nikamweleza Nasra. Akasema si tabu, hii inaweza kurekebishwa. Akaweka kidole kwenye laptopu, akavuta kitu taratibu, na msichana akaanza kukua. Akawa bibi harusi. Akawa mama wa watoto.

"Wapi, Shangazi?" akasema. "Wewe niambie. Mimi simjui."

Nikatazama kushoto na kulia pale mezani, kama mjinga, nikitafuta mkubwa wa kusema.

"Shusha," nikasema. "Shusha tena. Rudisha kidogo."

Feni ilikuwa ikipumua vumbi lake. Nikainua kidole.

"Malab amezaa," akasema Ayeyo, kwa sauti yake mwenyewe. "Njoo unywe maziwa."